Mnywesha Mawe

Kuna kazi ambazo mtu akikuuliza unafanya nini, bora umdanganye kwamba unauza nyanya sokoni Kalerwe. Phelister Nakhisa alijifunza hilo akiwa amechelewa. Majirani zake wa Lubaga walipomuuliza anakwenda wapi kila asubuhi, aliwajibu kweli tupu: anakwenda Mbuya kumwagilia mawe. Mwanamke wa chumba cha pili alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia siku hiyo akaitwa Mama Mawe, na watoto wa uani wakawa wanamuuliza kila jioni kama yameota.

Hayakuwa yameota, na wala yeye hakuwa na nguvu ya kuwaeleza. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na magoti yaliyozeeka kumshinda. Aliingia Kampala akiwa msichana wa Kimilili, upande wa pili wa mpaka, na cheti chake cha maabara kwenye mfuko wa nailoni, akidhani angekaa miaka miwili. Miaka miwili ikazaa mingine, kama inavyozaa kwa Wakenya wengi hapa, mpaka siku moja unagundua kwamba unaota kwa Kiganda lakini bado unasema "nyumbani" ukimaanisha kwingine.

Maabara ilikuwa nyumba ya zamani kwenye mteremko wa Mbuya, chini ya ukuta wa jeshi. Humo waliletewa mawe ya kila namna na watu wa migodi, wachimba visima na wajenzi, wakitaka kujua yana nini ndani. Phelister alikuwa na chumba chake cha nyuma, na ndani ya chumba hicho ilisimama mitungi ya plastiki, mirefu na myembamba, kila mmoja ukiwa na kilo moja ya mawe yaliyopondwa. Siku tatu aliyapulizia hewa kavu kwa pampu. Siku tatu hewa yenye unyevu. Siku ya saba, ambayo kwake ilikuwa Alhamisi, aliyapa maji: nusu lita, kidogo kidogo, kwa mkono, saa nzima. Ijumaa alikinga maji yaliyochuruzika chini na kuyapima uchachu wake. Halafu anaanza tena. Umeme ukikatika, na Kampala umeme hukatika bila kuaga, mlinzi wa getini, mzee Okullo, aliitwa aje na pampu ya baiskeli kuyapulizia mawe hewa mpaka urudi.

Okullo alikuwa Mwacholi, sajini mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi na kisicho na subira na ngeli.

"Mama, mawe yako imekunywa?" aliuliza kila Alhamisi.

"Yamekunywa, Afande. Mawe ya-me-kunywa."

"Sawa, mwalimu. Imekojoa?"

"Yatakojoa kesho."

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya Phelister, kusahihisha. Alikuwa na kile kiburi kidogo cha Wakenya wa Kampala, wanaodhani Kiswahili kilizaliwa kwao. Zaidi ya yote aliwaandama Waganda kwa L na R zao. Mtu akimwambia "nimereta balua," anamkatiza papo hapo: umeleta barua. Walimcheka, naye akawacheka, na kazi ikaendelea. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kumponza.

Kati ya mitungi yote, uliokuwa na maana kwake ni wa tisa. Mingine ilikuja ikaondoka. Wa tisa ulikaa. Ulikuwa na mawe ya Rwakizi, mgodi wa shaba huko magharibi, na habari yake ilikuwa hivi. Mwamba wa shaba umebeba kiberiti, yaani salfa, ndani yake. Ukiwa umelala ardhini hauna neno na mtu. Ukishachimbwa, ukavunjwa, ukatupwa kando kwa kuwa shaba yake ni chache, hewa na mvua huuamsha. Kiberiti kile hugeuka asidi, polepole, na kila mvua ikinyesha juu ya lundo la mawe hayo ya kutupwa, maji machachu hushuka bondeni yakiwa yamebeba chuma na shaba yaliyoyeyusha njiani. Samaki hufa. Majani ya kando ya kijito hukauka, na mawe ya kijito hugeuka rangi ya kutu.

Dawa inayojulikana ni chokaa. Ukidondoshea asidi jiwe lenye chokaa, linatoa povu kama soda iliyotikiswa, na ukali umekwisha. Lakini lundo la Rwakizi lilikuwa na chokaa kiduchu tu. Mengine yote yalikuwa mawe magumu ya silikati, yale ya kawaida ambayo mtu hujikwaa nayo bila kuyapa jina, na ukiyadondoshea asidi hukaa kimya kama hayajasikia. Vipimo vya haraka huyaandikia sifuri.

Daktari Obita, mkuu wa maabara, hakukubaliana na sifuri hiyo. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, wa kusema kidogo, na siku ya kwanza alimweleza Phelister kwa mfano wa sahani. "Haya mawe hula asidi, Mama," alisema, "ila hula kama mzee asiye na meno. Ukimwekea sinia, itamshinda. Ukimpa tonge moja moja, atamaliza. Sasa tunataka kujua, lile lundo linatoa asidi kwa sinia au kwa tonge? Hilo halijulikani kwa siku moja. Linataka mtu wa kumwaga maji kila wiki kwa miaka mitatu."

Mtu huyo akawa Phelister. Hakuwa ameomba.

Mwaka wa kwanza karibu wote maji ya mtungi wa tisa yalitoka mazuri. Kipimo cha uchachu kina namba zake: saba ni maji ya kawaida, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo maji yanavyochacha, mpaka ikifika tatu yanakaribia maji ya chungwa bichi. Mtungi wa tisa ulikaa kwenye saba na kitu mpaka wiki ya arobaini na moja. Wiki hiyo chokaa kidogo iliyokuwemo iliisha, na namba ikaporomoka mpaka nne na nukta nne. Kampuni ya mgodi ilitaka kufunga jaribio. Obita aliwaomba wasubiri.

Wakasubiri, na Phelister akaendelea kumwaga. Alimwaga akiwa na malaria. Alimwaga wiki aliyomzika mama yake, akitoka Kimilili Jumatano na kufika kazini Alhamisi na udongo wa kaburini bado ukiwa kwenye viatu. Na polepole, wiki kwa wiki, namba ikaanza kupanda. Nne na nukta saba. Tano. Wiki ya mia moja hamsini ilikuwa tano na nukta nne, nayo ilikuwa haishuki tena. Bandu bandu huisha gogo. Yale mawe ya kimya yalikuwa yanakula asidi, punje kwa punje, bila povu wala kelele, na hakuna aliyeyaona yakila isipokuwa yeye. Ni kweli alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa, lakini namba ile ilimpa furaha ambayo hakuwa na wa kumwambia.

Alimwambia dada yake Nabangala, aliyebaki Kimilili, ingawa Nabangala alitaka kusikia jambo moja tu. Phelister alikuwa amejiwekea ahadi: mtungi wa tisa ukimaliza, anarudi nyumbani. Marehemu mumewe, Wangila, alikuwa amemwachia nyumba iliyokwisha kuezekwa, yenye migomba nyuma, na katika nyumba hiyo hakuna aliyewahi kulala. Funguo alikuwa nazo Nabangala. Kila Jumamosi alikwenda kufungua madirisha ili kuta zisishike ukungu, akafagia, akafunga, akapiga simu.

"Yaya," alisema, kwa maana ndivyo wanavyoitana ndugu kwao, "utakuja lini?"

"Mawe yakimaliza."

"Kwani mawe huwa yanamaliza?"

"Haya yanamaliza mwezi huu."

Na kweli ripoti ilikuwa imeandikwa. Ilisema kwamba lundo la Rwakizi linajitibu lenyewe, kwamba silikati yake inatosha kuila asidi yake, na kwamba kampuni inaweza kuliacha lilivyo, wazi, bila kulifunika kwa udongo wala kulichimbia mifereji. Ilibaki sahihi ya Obita, siku ya Jumatatu. Phelister alikuwa amekwisha kugawa sufuria zake kwa majirani.

Ijumaa iliyotangulia Jumatatu hiyo, Muhamadi alirudi kutoka Rwakizi. Muhamadi ndiye aliyekuwa akisafiri kuchukua sampuli, Mganda wa Masaka, mnene, mcheshi, ambaye Phelister alikuwa amemsahihisha kwa miaka kumi bila mafanikio. Alikuwa ametumwa kupiga picha za lundo kwa ajili ya ripoti, na kwa hiari yake alikuja na mambo mawili ya ziada: bonge la jiwe la kuweka mezani siku ya kuwakabidhi kampuni, na chupa ya maji.

"Nnyabo, nimereta maji ya chemchemi ya chini ya rundo," alisema, akimwita bibi kwa Kiganda kama kawaida yake. "Hii usionje, bambi, nakuomba. Watu ya pale wameacha kunywa chai. Ukitia maziwa, inakatika palepale. Wanasema kuna mtu ameloga chemchemi."

Phelister aliyapima. Tatu na nukta tatu. Aliosha chombo, akapima tena, ikawa vilevile.

Alipompelekea Obita, Obita aliitazama namba kwa muda. "Hayo yanaweza kuwa yanatoka kwenye shimo la zamani, si kwenye lundo," alisema. "Au chupa ilikuwa chafu. Lundo tumelipima miaka mitatu, Mama. Wewe mwenyewe umelipima."

Ni kweli alikuwa amelipima mwenyewe. Alirudi chumbani, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya alilichukua lile bonge la jiwe na kuligeuza mkononi. Lilikuwa la kijivu, lenye mishipa ya rangi ya manjano inayometa. Akalitazama, halafu akautazama mtungi wa tisa. Ndani ya mtungi mlikuwa na punje za kijivu, ndiyo, lakini mlikuwa pia na punje nyeusi, nyingi, nyeusi ti kama masizi. Alikuwa ameziangalia kila Alhamisi kwa miaka mitatu.

Muhamadi alikuwa uani anakula katogo la ndizi. Phelister alimwendea na lile bonge.

"Muhamadi, yale mawe meusi kwenye lundo yako upande gani?"

"Meusi? Kwa rundo hakuna meusi. Meusi ni ya Lwakizi."

"Na hili si la Rwakizi?"

"Hii pia ni Lwakizi. Lwakizi ya mgodi." Alimeza ndizi. "Meusi ni ya Lwakizi ingine, kilima cha ng'ambo ya mto, pale wanavunja kokoto. Jina moja, vilima viwili. Wenyewe wanaita hivyo. Mimi nilireta gunia mbili ya hiyo, Dokta alisema anataka mawe ya kulinganisha. Si niliandika? Niliandika kama vibao vilivyoandika. Kwa mgodi kibao iko na ile herufi ya mguu, kwa kokoto iko na ile ya kusimama. Kwani nini, nnyabo?"

"Hakuna," alisema Phelister. "Nauliza bure tu."

"Kale, sawa," alisema Muhamadi, na kurudi kwenye ndizi zake.

Sasa ndipo alipoikumbuka siku ya kwanza, na aliikumbuka yote. Obita alikuwa amekwenda Gulu kumzika baba yake, akamwachia Phelister kazi ya kujaza mitungi. Magunia matano yalikuwa yamepangwa chini ya dirisha. Matatu yalikuwa yameandikwa Rwakizi. Mawili yalikuwa yameandikwa Lwakizi. Na yeye, mwalimu, alicheka kwa sauti. Si aliishi kwenye kilima ambacho kibao cha kanisa kinakiita Rubaga na kibao cha kinyozi kinakiita Lubaga, na hakuna abiria aliyewahi kupotea? "Afande, njoo uone," alimwita Okullo. "Waganda na L zao! Hata gunia wanaliandika kwa ulimi." Akachukua kalamu, akaigeuza ile L kuwa R kwenye magunia yote mawili, akayaponda mawe ya magunia matano pamoja, akachota kilo moja, akaijaza kwenye mtungi wa tisa. Obita aliporudi na kichwa kilichojaa msiba hakukumbuka kuuliza mawe yake ya kulinganisha. Hakuna aliyeuliza tena.

Kwa hiyo si lundo lililokuwa likila asidi miaka yote hiyo. Ni yale mawe meusi ya ng'ambo, aliyoyatia yeye. Lundo peke yake lilikuwa likimwaga uchachu wake bondeni, nyumba sitini zilikuwa zinayanywa maji yale, na ripoti iliyosubiri sahihi ilikuwa inakwenda kuwaambia kwamba lundo halina kosa.

Jumapili alikwenda kanisani, akatoka bila kukumbuka lililohubiriwa. Alishuka kilima taratibu kwa ajili ya magoti. Duka la dawa: Rubaga. Wauza simu: Lubaga. Karakana ya pikipiki, ambayo nadhani mwenyewe hakutaka ugomvi na mtu, ilikuwa imeandika moja mlangoni na nyingine ukutani. Alikuwa amevipita vibao hivyo kwa miaka yote na kuvidharau.

Alipofika chumbani aliketi kwenye godoro, kwa kuwa kiti alikuwa amekwisha kukigawa. Niseme ukweli wake kama ulivyokuwa, maana hakuwa mtakatifu. Alitaka kunyamaza. Muhamadi hakujua uzito wa alichokisema. Obita hakushuku. Jumatatu sahihi, Ijumaa basi la Bungoma kuelekea Kimilili, Jumamosi analala nyumbani kwake, na madirisha atafungua mwenyewe. Akisema, miaka mitatu inakuwa maji ya kumwaga nje, na nyumba ya Wangila itangoja tena. Alilia kidogo. Hakulia kwa uchungu wa kosa. Alilia kwa uchovu, jinsi mtu anavyolia akifika juu ya ngazi ndefu na kuonyeshwa ngazi nyingine.

Jumatatu alifika mapema. Okullo alikuwa anafagia mbele ya geti.

"Afande," alisema, "jeshini, mtu akifyatua bunduki kwa bahati mbaya, inakuwaje?"

Okullo aliegemea ufagio. Halikuwa swali la kawaida kwa mwalimu. "Risasi hairudi, Mama. Imetoka, imetoka. Lakini wewe unapiga kelele. Hapo hapo. Ndio wengine walale chini."

"Na wewe unafanywaje?"

"Wewe? Wewe unafungwa." Alicheka, akaona Phelister hacheki, akaacha. "Lakini watu wanapona."

Obita alikuwa mezani, ripoti mbele yake, kalamu juu ya ripoti. Phelister hakuketi. Alilifungua daftari lake kwenye ukurasa wa kwanza, pale alipokuwa ameandika miaka mitatu iliyopita kwa mwandiko wake safi: *Magunia 5 ya Rwakizi. Mawili yaliandikwa vibaya kwa L, nimesahihisha.* Akaliweka juu ya ripoti, na juu ya daftari akaliweka lile bonge la kijivu. Halafu akaeleza, bila kujitetea.

Obita alisoma ule mstari mara nyingi kuliko urefu wake. Mwishowe akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Muhamadi?"

"Muhamadi hajui kwamba anajua."

Phelister aliuona mkono wa Obita ukienda kwenye kalamu na kukaa hapo, na alielewa kwamba Daktari naye alikuwa mtu, na kwamba ripoti ile ilikuwa miaka yake mitatu pia. Halafu Obita akaisukuma kalamu mpaka ikaanguka chini.

"Miaka mitatu, Mama!" alisema, na hakuwa amewahi kumpandishia sauti kabla ya siku hiyo. "Miaka mitatu! Kwa herufi moja! Ungeuliza! Ungepiga simu moja tu!"

"Ndiyo, Dokta."

"Na ungenyamaza leo, wiki hii ungekuwa Kimilili."

"Ndiyo. Ningekuwa nimekaa nakunywa chai ya maziwa."

Hilo lilimfika. Alivua miwani, akayafinya macho yake kwa vidole viwili. Baada ya muda alisema kwa sauti yake ya kawaida kwamba hata yeye alikuwa na lake, kwamba aliyaagiza yale mawe ya kulinganisha na hakuyauliza hata siku moja, na kwamba Ijumaa alipoletewa chupa ya maji alikuwa ametafuta sababu ya kutoiamini. Kisha akainama, akaiokota kalamu, akakata ukurasa wa mwisho wa ripoti kwa mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe. Asubuhi hiyohiyo aliipigia simu kampuni. Lundo lifunikwe kwa udongo kabla ya mvua za Machi, mifereji ichimbwe, na watu wa bondeni wapelekewe maji mengine. Walibishana naye karibu saa nzima. Phelister aliusikia upande wake mmoja kupitia ukutani, akiwa ameushika mtungi wa tisa kwa mikono miwili bila kujua anaushikia nini.

Mchana Obita alikuja chumbani kwake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alisimama akazitazama zile punje nyeusi.

"Lakini zimekula kweli," alisema. "Haya meusi ya ng'ambo. Asidi ya lundo zimeila. Na kilima chenyewe kiko palepale, kuvuka mto tu. Huenda ndiyo dawa, kuchanganya."

"Huenda."

"Ila kiasi gani? Hatujui. Hukupima."

"Sikupima."

"Basi ni kuanza upya. Mitungi miwili. Mmoja lundo peke yake, mmoja lundo na meusi kwa mizani." Alisita. "Nitatafuta mtu mwingine wa kumwaga. Wewe nenda nyumbani, Mama. Umechoka, hata mimi naona."

Alikuwa amechoka. Hakuna aliyeweza kumwambia kitu kipya kuhusu hilo. Aliitazama mikono yake, ambayo ngozi yake ilikuwa imekaushwa na Alhamisi zaidi ya mia moja hamsini, na akataka sana kusema ahsante, Dokta.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema badala yake. "Na mtungi unataka mkono mmoja. Akija mgeni ataharakisha maji. Wote huharakisha."

Obita hakumbembeleza. Alijua kwamba ni kweli, huharakisha.

Ilichukua wiki mbili Muhamadi kwenda na kurudi. Safari hii Phelister alikaa naye chini uani, gunia kwa gunia, akamwuliza kila moja limetoka upande gani wa mto, na hakumsahihisha hata neno. Kwenye mitungi hakuandika Rwakizi wala Lwakizi. Aliandika *Lundo la mgodi* kwenye mmoja, na kwenye mwingine *Lundo la mgodi na kokoto nyeusi za ng'ambo*, akaandika na uzito wa kila fungu. Mtungi wa tisa aliuacha palepale. Hakuwa na moyo wa kuumwaga.

Alhamisi, mvua za kwanza za Machi zikiwa zimetua juu ya Mbuya, alivuta kiti karibu na mitungi kwa sababu ya magoti, akaanza kumwaga. Aliyapa mawe ya mtungi wa kwanza saa nzima, akayapa ya wa pili saa nzima. Okullo alichungulia mlangoni, kofia ikidondoka maji.

"Mama, mawe imekunywa?"

"Imekunywa, Afande," alisema Phelister.

Okullo alisubiri sahihisho. Halikuja. Akaondoka polepole, akigeuka kumtazama.

Jumamosi simu ililia akiwa amekaa kwenye godoro, na sufuria moja aliyoazimwa na mwanamke wa chumba cha pili ikiwa kwenye sigiri.

"Yaya," alisema Nabangala. "Niko kwako hapa, nimeshafagia. Wiki mbili sasa unaniambia ningoje kidogo. Nimengoja basi la jana, nimengoja la leo. Mawe yamemaliza?"

Phelister aliisogeza sufuria kwenye sigiri.

"Hapana," alisema. "Yameanza juzi."

Alimsikia dada yake akitembea ndani ya nyumba ile tupu, hatua zikigonga sakafu.

"Basi," alisema Nabangala, "ngoja nifungue madirisha."